Jumamosi Ujiji na Mwanga, utabiri wenu ngapi ngapi?

Mtoto wa Kitongoni

Wakuu mwakeye, na wasio wa kwetu habari za jioni. Jumamosi ndo ile siku, mechi ya sekondari za Ujiji na Mwanga saa kumi jioni, safari hii tena tunawafuata kwao Mwanga. Shule zenyewe sizitaji kwa majina maana wale ni watoto wa watu na huku mtandaoni maneno huwa mengi, ila mtu wa Kigoma ukimwambia tu "Ujiji na Mwanga" anajua unaongelea nini, haya mambo tuliyakuta na tutayaacha.

Kwa walioko mbali, kutoka Ujiji mpaka huko Mwanga mjini ni daladala moja tu, hata usingizi haujakukolea umeshafika, lakini siku ya mechi hii utadhani ni nchi mbili. Tangu Mashujaa, timu yetu ya Kigoma, wapande ligi kuu 2023 tumeshaona timu kubwa zote zinakuja pale uwanja wa Lake Tanganyika na tunajaa kweli, ila mi nasema kutoka moyoni, hakuna mechi inayoninyima usingizi kama hii ya watoto wa sekondari. Jana nimeenda kunyoa, kinyozi kaniacha nusu kichwa akawa anapanga kikosi kwenye kioo kwa povu la sabuni, namba sita hapa, namba kumi hapa, winga huyu mtoe mlete yule, na watu wa kwenye benchi wakasimama wote kumsahihisha.

Mi utabiri wangu Ujiji 2 Mwanga 0. Sababu zangu ni hizi. Ya kwanza, Mwanga nguvu yao yote huwa ni A-level, wana vijana wa form six wana vifua kama milango, sasa mwezi huu wa tano form six wote nchi nzima wako kwenye mtihani wa taifa, hakuna mwalimu mwenye akili zake atakayemtoa mtoto kwenye chumba cha mtihani akacheze mpira. Kwa hiyo Mwanga watakuja na form five na O-level, yaani watakuwa sawa na sisi. Ya pili, sisi tuna yule namba kumi wa form three wa mguu wa kushoto, mliomuona mnajua, akigeuka na mpira beki anabaki anaangalia upande ambao mpira haupo. Ya tatu, kipa. Kipa wetu mwaka huu amekua, mwaka jana alikuwa mtoto, mwaka huu mikono inafika.

Haya leteni zenu, ila mtu aseme na sababu, sio kuandika tu "Mwanga 5" ukakimbia.

Gungu kwa Gungu

Kaka mtoa mada heshima yako, ila hesabu zako zina tundu. Hao form six unaosema hawapo, kwani mwaka jana waliocheza ni wangapi? Mi nilikuwepo, nilisimama nyuma ya benchi la Mwanga mwanzo mwisho, wa form six walikuwa watatu tu, wawili mabeki wa kati na yule namba sita. Waliobaki wote ni wadogo zao na sasa hivi ndo wamekuwa wakubwa. Yule winga wa kulia wa mwaka jana si alikuwa form three, sasa yuko form four, na alikuwa na mbio hizo hizo mnazozijua.

Halafu mnaisahau kona. Mechi za watani haziamuliwi na chenga bana, zinaamuliwa na mpira uliokufa. Mnakumbuka fainali ya kombe la shirikisho 2021, Simba na Yanga walivyoletwa hapa hapa Lake Tanganyika, tulikaa kwenye jua tangu asubuhi, watu wametoka Kasulu, Kibondo, wengine wamevuka kutoka Burundi. Yanga wakapoteza mtu kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, Mukoko, halafu mechi ikagoma kabisa, Simba wanazunguka na mpira wee hakuna kitu. Ilikuja kuisha vipi? Kona, Taddeo Lwanga akapiga kichwa, moja bila, kombe likaondoka. Pamoja na mafundi wote waliokuwa uwanjani siku ile, aliyefunga ni kiungo mkabaji kwa kichwa.

Sasa Mwanga kona zao nimeziona mazoezini wiki mbili hizi, wana kijana anapiga mpira unaingia ndani kwa mguu wa kulia kutokea kushoto, unashuka pale pale kwenye mstari wa hatua sita, na wamempanga mmoja kazi yake ni kumsimamia kipa tu asitoke. Ujiji hamna mabeki warefu. Mi naenda Mwanga 1 Ujiji 0, na goli ni la kichwa, kipindi cha pili.

Dereva wa Bajaji namba 4

Wadau mi naendesha Mwanga Kibirizi Ujiji kila siku kwa hiyo nawaona wote na sina upande, mke wangu wa Ujiji mimi nimezaliwa Mwanga Kusini, nikishangilia huku nakosa chakula nikishangilia kule nakosa salamu nyumbani kwa mama. Kwa hiyo mnisikilize vizuri maana naongea nilichokiona.

Jumanne nilipita pale uwanjani nikamshusha abiria nikakaa kama dakika arobaini hivi nikiangalia. Kitu cha kwanza, uwanja haujakauka. Hizi mvua za mwisho mwisho zimeacha maji ile kona ya upande wa barabarani, nyasi zimekuwa ndefu na chini ni tope lile jekundu linaloshika kiatu, mtoto akipita pale na mpira mpira unabaki yeye anaendelea. Huyo winga wa Mwanga mwenye mbio njia yake ni hiyo hiyo ya kulia kipindi kimoja, asipopewa mpira wa juu hatakimbia popote, kwa hiyo mbio zake zigawanye kwa mbili.

Kitu cha pili ndo kikubwa na hakuna mtu amekigusa. Jua. Ule uwanja magoli yake moja liko mashariki moja liko magharibi, aliyeupima sijui alikuwa anawaza nini. Sisi Kigoma jua linazamia ziwani, linaenda zake nyuma ya milima ya Kongo, na huku kwetu linachelewa, saa kumi na mbili jioni bado liko juu linawaka. Kipa akikaa goli la mashariki anaangalia magharibi, yaani kipindi cha pili kizima lile jua liko machoni kwake. Jumanne kulikuwa na mtoto yuko goli hilo, sio kipa wa kwanza, mpira umepigwa juu wa kawaida kabisa wa kudaka hata kwa mkono mmoja, mtoto kaweka kiganja usoni hivi kama mtu anayetafuta boti ziwani, mpira umempita begani ukadunda ukaingia. Wenzake wakamcheka ila mi sikucheka, mi asubuhi nikienda Mwanga nikirudi jioni kuelekea ziwani najua hilo jua linafanya nini, bajaji naishusha kioo cha jua na bado naona kiza.

Kwa hiyo mi utabiri wangu uko kwenye shilingi. Kapteni atakayeshinda kura akachagua kipindi cha pili jua liwe mgongoni kwake, timu yake inashinda. Na hizo kona za Mwanga alizosema kaka wa Gungu zikienda na jua nyuma yake, kipa yeyote ana kazi. Ngapi ngapi? Mshindi wa kura 2, aliyekosa 1.

Mtoto wa Kitongoni

Dereva umeongea kitu mpaka nimekaa kimya. Kweli mwaka jana lile goli la pili tulilofungwa lilikuwa upande huo huo, na sisi wote tulisema dogo kazubaa.

Sasa swali, tukishinda kura si tuchague tu kuanza jua likiwa mgongoni? Tufunge mawili ya haraka halafu tulinde.

Mwalimu Mstaafu wa Michezo

Hapana kijana wangu, hapo utakuwa umewasaidia wapinzani.

Nimefundisha michezo sekondari miaka mingi hapa mkoani, naomba mnipe nafasi nieleze kidogo. Ukishinda kura unachagua goli la kushambulia kipindi cha kwanza, au siku hizi tangu sheria ibadilishwe 2019 unaweza kuchagua kuanza na mpira. Watoto wengi wanakimbilia kuchagua mpira kwa sababu wanaona ni heshima. Mpira wa kuanza hauna faida yoyote, ni pasi moja nyuma basi. Chagua goli. Na ukichagua goli usichague la raha, chagua la taabu kwanza. Saa kumi kamili jua la huku bado liko juu, linasumbua lakini kipa anaweza kulivumilia. Saa kumi na moja kwenda na nusu ndipo linaposhuka usawa wa macho ya mpira wa juu. Kwa hiyo unateseka kipindi cha kwanza, mkibadilishana kipindi cha pili jua linakuwa mgongoni kwenu na miguu ya wapinzani imeshachoka, kipa wao ndo anaangalia moto. Hapo hata shuti la mbali lisilo na nguvu ni hatari.

La pili. Mtoa mada amesema form six wako kwenye mtihani na ni kweli, lakini hapo hapo ndipo wanapoingizwa mamluki. Naliandika hili kwa uchungu. Nafasi tatu zikibaki wazi, mtu anakumbuka kuna kijana mtaani alimaliza mwaka juzi, anamvalisha jezi, anamwita jina la mwanafunzi mwingine. Nilishasimama uwanjani miaka hiyo nikamuona baba mzima ana ndevu zimenyolewa asubuhi ile ile, kidevu kinang'aa, anaitwa jina la mtoto wa form two niliyekuwa namfahamu vizuri na mtoto mwenyewe amesimama pembeni analia. Alikuwa amefanya mazoezi miezi mitatu. Hilo goli walilofunga siku ile sikulihesabu mpaka leo.

Na safari hii watu wa manispaa watakuwepo kuangalia watoto wa timu ya UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya sekondari. Ngazi zenyewe mnazijua, shule inatoa watoto wanaenda halmashauri, halmashauri inatoa mkoa, mkoa unaenda taifa. Watoto wa mkoa huu walipanda treni kwenda Tabora mashindano ya taifa yalipofanyika kule 2022, na kwa mtoto aliyekuwa hajawahi kuvuka Uvinza hiyo safari peke yake ni shule. Mamluki mmoja akicheza Jumamosi amemnyima mtoto mmoja hiyo treni. Viongozi wa darasa wa pande zote mbili njooni na daftari la mahudhurio, hamtaonekana wabaya.

Utabiri wangu: sare 1-1.

Mtoto wa Kitongoni

Shikamoo mwalimu. Nimekuelewa sana hapo kwenye goli la taabu, nina namba ya kapteni wetu namtumia ujumbe usiku huu huu, naukopi kama ulivyo.

Ya mamluki kwa upande wetu naapa hakuna, kikosi nakijua mmoja mmoja na kwao napajua.

Mwalimu Mstaafu wa Michezo

Marahaba. Mtumie, lakini mwambie pia awe na kauli kwa refa. Kura inapigwa mara moja.

Mzee wa Mkeka

Kuna mtu yuko tayari tuweke elfu ishirini kila mmoja? Mi nasimama na Mwanga. Tukutane uwanjani cash.

Gungu kwa Gungu

Mi Mwanga damu lakini hapo sipo na wewe kaka. Kubeti beti Ulaya huko, beti ligi kuu. Hawa ni watoto chini ya miaka 18 wengi wao, sheria yenyewe ya michezo ya kubahatisha hairuhusu mtoto kucheza, sasa wewe unamfanya mtoto ndo mkeka wenyewe. Elfu ishirini yako ikiliwa jioni hiyo utamtukana nani? Utamtukana mtoto wa form three aliyekosa penati. Tuliyaona mwaka jana.

Mama Migebuka Kibirizi

Nimesoma yote haya nikasema leo niandike maana huwa napita tu.

Huyo kipa wa Ujiji mnayemuongelea ni mtoto wa kaka yangu, mimi ni shangazi yake, anakaa kwangu tangu yuko darasa la tano. Mwaka jana baada ya lile goli la pili alirudi nyumbani hakusema kitu, akavua viatu akavipanga nje mlangoni vizuri kabisa, akaingia ndani akalala, ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka niliomuwekea nimekuta asubuhi umekauka vile vile. Siku mbili hakula. Nikajua ni kufungwa tu, kumbe sio. Mdogo wake ndo aliniambia kwamba kuna watu wazima walisimama nyuma ya goli kipindi kizima wakawa wanamuita majina, na wengine wala sio wa Mwanga, ni wa Ujiji hawa hawa wa kwetu, wanamwambia ameuza mechi. Mtoto wa miaka kumi na tano auze mechi kwa nani?

Leo nasoma kwa dereva kwamba ni jua. Mwaka mzima huyu mtoto anajua ni yeye mzembe. Mwaka mzima mtaa unajua hivyo. Mungu akubariki wewe dereva, nimemuita nikamsomea maneno yako hapa hapa jikoni, amesikiliza amenyamaza, halafu akaniambia "shangazi kweli sikuuona ule mpira". Basi. Hajawahi kuniambia hivyo.

Sasa mimi mpira siujui sana lakini nawaambia kitu kimoja kuhusu Jumamosi ambacho nyie wa mjini hamjakihesabu. Wiki hii ni mbalamwezi. Dagaa hawavuliwi kwenye mwanga wa mwezi, taa hazina kazi, vijana wote wa mitumbwi wako nyumbani wanashona nyavu. Yaani Ujiji yote itahamia huko Mwanga, mtaona watu kama siku ya sikukuu. Kelele zitakuwa zetu. Ninachoomba wasimame pembeni, wasimame popote, nyuma ya goli wamuachie mtoto apumue.

Matokeo mimi nasema Ujiji watashinda, moja bila.

Dereva wa Bajaji namba 4

Mama shikamoo. Yale maneno yamenigusa, na mi mwaka jana nilikuwa mmoja wa waliosema kazubaa, sikusimama nyuma ya goli ila nilisema kwenye bajaji kwa abiria. Nisamehe mama na umwambie dogo anisamehe. Jumamosi nakuja kukuchukua hapo Kibirizi saa nane na nusu, hulipi.

Na kwa vijana wa Ujiji mnaokuja kwa wingi, mkae ule upande wenye ngazi za udongo, huku kwenye goli la mashariki tuweke kamba.

Kipa wa Zamani Majengo

Na mimi niingie maana hapa kinaongelewa kitu changu. Nimedaka miaka tisa, shule, mtaa, mpaka daraja la tatu mkoa, na hilo goli la mashariki nalijua kama mlango wa chumbani kwangu.

Kwanza huyo dogo nimemuona. Ana mikono mizuri, anadaka kwa vidole sio kwa kifua, na anaita mabeki kwa majina, hiyo ni adimu kwa umri wake. Tatizo lake mwaka jana mbali na jua alikuwa anasimama kwenye mstari. Jua likiwa machoni usisubiri mpira kwenye mstari, toka hatua tatu nne mbele na simama kiubavu ubavu, jua lije pembeni ya jicho sio katikati, na mpira uufuate tangu unatoka mguuni, usiuache ukapanda ukaanza kuutafuta mawinguni. Kwenye kona ndo usiogope kabisa, piga ngumi. Kudaka kona kwenye jua ni tamaa. Ngumi mbili, mpira nje ya kumi na nane, maliza.

Pili avae kapelo. Sheria inamruhusu kipa kuvaa kofia, sio kosa, refa akikataa muulizeni kwa adabu aangalie sheria ya nne ya vifaa. Mi nilikuwa navaa, naigeuza nyuma jua likiingia kwenye wingu, naishusha likitoka. Iwe ya kitambaa laini yenye mdomo mrefu kidogo.

Tatu, mwalimu kasema sare na mi namuunga mkono, na nasikia wamekubaliana sare ikitokea ni penati hapo hapo. Kama ni penati basi Ujiji mna bahati. Kipa wa Kigoma na penati ni ndugu. Mnakumbuka Juma Kaseja, mtoto wa hapa hapa, tarehe 8 Septemba 2019 pale Dar, Taifa Stars na Burundi kufuzu kombe la dunia. Moja moja Bujumbura, moja moja Dar, zikapigwa penati. Nilikuwa kwenye kibanda cha video hapa Majengo, nusu ya watu mle ndani ni Warundi wanaofanya biashara huku, tumekaa tumechanganyikana bega kwa bega, nusu wanaomba hivi nusu wanaomba vile kwa Mungu yule yule. Stars wakashinda tatu bila, Burundi hawakufunga hata moja. Na Kaseja wakati ule watu walishamwambia amezeeka. Sio mrefu, hajawahi kuwa mrefu, lakini alikuwa anamsubiri mpigaji. Anasimama, anakuangalia, wewe ndo unakuwa wa kwanza kuamua.

Dogo akumbuke tu, siku hizi mpira unapopigwa lazima walau mguu mmoja uwe kwenye mstari, na hiyo nayo imeanza mwaka huo huo wa 2019. Asiruke mbele na miguu yote, itarudiwa. Mguu mmoja ubaki, mwingine ndo unasukumia.

Mi nasema 1-1, penati Ujiji 4 Mwanga 3, na mwisho inadakwa kushoto.

Gungu kwa Gungu

Haya sasa wote mmehamia Ujiji. Mi sihami, Mwanga moja bila kwa kichwa. Lakini nawaahidi hivi, hiyo kamba nyuma ya goli la mashariki naifunga mimi na wenzangu wa Gungu, tunafika saa saba, kipa wa yeyote atakayekaa pale hatasikia neno. Kona yetu ataidaka au ataipiga ngumi kwa akili zake mwenyewe, ndo tutajua nani ana timu.

Mama Migebuka mwambie dogo Mwanga tunamuogopa. Ni kweli tunamuogopa, ndo maana tumempangia mtu wa kumsimamia kwenye kona.

Mzee wa Mkeka

Nimewaelewa. Ile elfu ishirini nanunua maji ya watoto, katoni zigawanywe timu zote mbili. Mwalimu nielekeze nimkabidhi nani.

Mwalimu Mstaafu wa Michezo

Asante sana. Mkabidhi mwalimu wa michezo wa wenyeji kabla ya saa tisa, na mimi nitakuwepo.

Mtoto wa Kitongoni

Kapteni amejibu sasa hivi. Ameandika "sawa kaka, goli la taabu kwanza, mpira wawachukue wao". Mwalimu umesikia.

Na mi nabadilisha utabiri wangu, ile 2-0 nilikuwa naongea kwa moyo. Nasema Ujiji 1 Mwanga 1, penati tunatoka nazo. Goli letu kipindi cha pili, namba kumi, shuti la mbali na jua nyuma yake. Lao sawa, kona, kichwa, Gungu apate anachokitaka.

Shangazi wa kipa, kapelo ipo? Kama haipo hapa kwangu nina ya bluu, naweza kumpa dereva kesho asubuhi akipita.

Mama Migebuka Kibirizi

Ipo mwanangu, asante. Ni ya baba yake, alikuwa anaivaa ziwani, ina mdomo mrefu kama alivyosema kipa wa Majengo. Ilikuwa inanuka samaki, nimeifua jioni hii na sabuni ya mche mara mbili, iko kwenye kamba hapo nje. Dogo ameshatoka mara tatu kuishika kama imekauka.